Je, Ni Halali Wazazi Kuwaacha Watoto na Kwenda Safari Peke Yao?

Katika mafundisho ya ndoa wakatekumeni huuliza mengi juu ya mahari, juu ya mitara, juu ya wakwe. Ni wachache waulizao neno hili: Je, baba na mama waweza kuwaacha watoto nyumbani kwa siku mbili, wakaenda safari wao wawili tu, si kwa matanga, si kwa biashara, si kwa kumtazama mgonjwa, bali kwa kuwa pamoja? Mmoja atajibu upesi: Huo ni ubinafsi, ni mambo ya watu wa mjini wenye fedha. Mwingine atajibu upesi vilevile: Kila mtu na afanye apendavyo. Majibu yote mawili yana haraka mno, na jambo lenyewe lataka kutazamwa polepole.

Na uchukuliwe mfano wa bwana mmoja na mkewe wakaao katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi. Majina yao si kitu, maana nyumba zilizo kama yao ni nyingi. Mume ni fundi wa umeme. Mke huuza vitambaa katika soko la komini ya Kenya, isiyo mbali na kwao. Wana watoto watano: wa kwanza ni msichana wa miaka 13, wa mwisho ana miaka 3. Mama mzazi wa mume, ambaye watoto humwita nkambo, akaa nyumba ya pili. Wameoana kwa miaka 15. Siku moja ya mwezi wa Juni, wakati wa baridi na ukavu, mume alimwambia mkewe: "Ndugu yangu ataniazima gari. Jumamosi twende Kapolowe, tulale huko, turudi Jumapili."

Mke akauliza: "Kuna msiba?"

Mume akajibu: "Hapana."

"Basi kuna nini?"

Mume hakuweza kujibu. Wala si kwamba alikuwa na neno la kuficha. Hakuwa na neno la kusema, kwa sababu katika miaka 15 hawakuwahi kusafiri pamoja bila mtu kufa, kuoa, au kuugua. Kama angesema, "Kwa ajili yetu," maneno hayo yangesikika kinywani mwake kama maneno ya mgeni.

Yafaa kujua kwa nini ni hivyo, na sababu moja imo katika habari za mji wenyewe. Lubumbashi ilianza kwa kuwatenga mume na mke. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikitafuta wanaume wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Waliandikwa kazi kwa mikataba mifupi, wakaja kutoka mbali, na wake zao wakabaki vijijini. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengi walitoroka. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ikageuza shauri. Sasa ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke wake. Ikampa nyumba, ikampimia posho yake, ya mkewe na ya watoto wake, ikajenga hospitali na shule. Wazee wa mjini huita Jumamosi siku ya posho hata leo. Hali hiyo ilikuwa afadhali kuliko ile ya kwanza, hapana shaka. Lakini kampuni ilikuwa na hesabu yake. Mtu mwenye mke hatoroki upesi, na mtoto wa leo ni mfanyakazi wa kesho. Katika daftari zake ndoa ilipimwa kwa vichwa vya watoto na vibaba vya unga.

Wala wakubwa wa kampuni hawakuwa peke yao katika hesabu hiyo. Ukoo nao huhesabu vivyo hivyo: mke asiyezaa hurudishwa kwao, na mume na mke waliokwisha kuzaa huonwa kama watu waliomaliza kazi yao, wasio na la zaidi ila kulisha na kulipa ada za shule. Hata namna ya kuitana yaonyesha neno hili. Mume humwita mkewe Mama Fulani, na mke humwita mumewe Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Ni desturi njema na ya heshima, wala haifai kuidharau. Lakini mtu akiitwa kwa jina la mtoto wake asubuhi na jioni, miaka 15, aweza kusahau kwamba kabla ya mtoto huyo kuzaliwa kulikuwa na mwanamume na mwanamke waliochaguana.

Kitabu cha Mwanzo chatangulia kueleza jinsi mume na mke wanavyokuwa mwili mmoja. Kaini na Abeli waja baadaye. Mpango huo si wa bure. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu, na kwamba hata ndoa isiyojaliwa watoto yabaki na thamani yake yote.

Watu wa Katanga walikuwa wamekwisha kuonja fundisho hilo kabla ya Mtaguso. Mwaka 1953, katika kambi ya Union Minière ya Musonoi, karibu na Kolwezi, Padre Placide Tempels alianza kukutana na wafanyakazi na wake zao. Alikuwa Mfransisko kutoka Ubelgiji, naye mwaka 1945 alikuwa ametoa kitabu chenye sifa juu ya falsafa ya Wabantu. Katika mikutano ile kikazaliwa chama kilichoitwa Jamaa. Maneno yake makuu yalikuwa matatu, nayo ni ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Uzazi haukudharauliwa hata kidogo. Ila mapendo ya mume na mke hayakuwa njia tu ya kuufikia uzazi. Yalikuwa chemchemi, na uzazi ni maji yatokayo humo. Mume na mke walikuja pamoja, na walitakiwa kufunuliana mawazo ya moyoni. Kwa mwanamume aliyezoea kuamriwa mgodini na kuamuru nyumbani, kuketi na kumsikiliza mkewe lilikuwa jambo geni kabisa. Katika miaka ya 1970 Jamaa ilipatwa na mafarakano na maaskofu, na habari hiyo ni ndefu. Lakini lile jambo la kwanza, kwamba mume na mke wana deni la kuzungumza, halikuharibika kwa ajili ya mafarakano hayo.

Kwa hiyo bwana yule wa Katuba, aliposhindwa kujibu, alikuwa na jibu jema bila kulijua. Yale aliyoahidi siku ya arusi alimwahidi mwanamke yule mwenyewe. Watoto walikuwa hawajakuwapo kusikia ahadi hiyo, na siku moja wataoa, wataolewa, wataondoka. Na wale wawili watabaki wakitazamana mezani. Ikiwa hawakuzungumza kwa miaka 25, watazungumza nini siku hiyo?

Hata hivyo, jambo kuwa jema kwa asili yake hakulifanyi kuwa jema kila namna lifanywapo. Nkambo alipopata habari alimwita mwanawe na mkewe, akawauliza neno moja: "Na mkifa wote wawili?"

Swali hili si la kuchekwa. Barabara kuu ya kutoka Lubumbashi hadi Likasi, yenye kilomita zipatazo 120, hupitwa mchana na usiku na malori marefu ya shaba na kobalti, na ajali si chache. Baba akienda peke yake akapatwa na ajali, mama yupo. Wakienda wote, watoto watano waweza kuwa yatima kwa dakika moja. Wengine husema: Mungu atalinda. Ni kweli Mungu hulinda. Lakini kumwachia Mungu kazi ambayo mtu aweza kuifanya mwenyewe si imani, ni uvivu. Watu wawili wenye watoto wasisafiri usiku. Wasipande gari lisilo na breki nzuri kwa kuwa ni la kuazima. Wawe wamekwisha kuandikisha ndoa yao na watoto wao serikalini, nalo ni jambo ambalo wengi hulichelewesha hata msiba uwakute. Na wawe wamesema mbele ya mashahidi ni nani atakayewalea watoto. Bwana yule hakuwa amefanya hata moja katika haya mawili ya mwisho. Swali la mama yake likamkumbusha kwamba hatari hiyo haikuanza kwa safari ya Kapolowe: kila siku mkewe hupanda basi dogo kwenda sokoni, naye hupanda nguzo za umeme.

Kisha kuna neno lingine, zito kuliko la ajali, ijapokuwa halitishi. Ni nani atakayebeba mzigo? Safari ya watu wawili haifuti kazi ya nyumba. Yaihamisha tu mabegani mwa mtu mwingine. Shauri la kwanza la mume lilikuwa kumwachia nyumba yule binti wa miaka 13: achote maji, awashe makala, asonge bukari, amwogeshe mdogo wake. Jumatatu yake binti alikuwa na mtihani wa kufunga mwaka. Mama ndiye aliyeona neno hilo, baba hakuliona. Pumziko linalonunuliwa kwa mtihani wa mtoto si pumziko, ni wizi mdogo, nao ni wizi ambao wasichana wa nyumba nyingi huufahamu vizuri. Basi safari ikasogezwa hata mwezi wa Julai, shule zilipokwisha kufungwa, na nkambo akaombwa. Yeye aliombwa, wala hakuarifiwa tu, na kati ya hayo mawili kuna mwendo mrefu.

Kiswahili chapambanua vizuri mambo ambayo majirani waliyachanganya. Kuna kumtupa mtoto, kuna kumwacha, na kuna kumkabidhi. Aliyemtupa mtoto hana nia ya kurudi. Aliyemwacha aweza kurudi, lakini hakumtia mikononi mwa mtu. Aliyemkabidhi amesema: Huyu hapa, chakula chake ni hiki, dawa yake ni hii, nitarudi saa fulani. Hata Maria na Yosefu, waliporudi kutoka Yerusalemu, walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto Yesu yumo miongoni mwa ndugu na rafiki. Hakuna awalaumuye kwa kuwatumaini jamaa zao. Kumbe mtoto kulelewa na wengi ndiyo desturi ya watu wema tangu zamani. Lakini walikuwa wamedhani tu, bila kuuliza, ndipo wakamtafuta siku tatu kwa uchungu.

Na kwa kuwa neno kutupwa limetajwa, yafaa kukumbuka jinsi watoto wa Katanga walivyotupwa kweli. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake lamaanisha Watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni: Union Minière, kisha Gécamines iliyoirithi migodi yake mwaka 1967. Ilikuwa imewalisha, imewasomesha, imewaponya, hata ikaanguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini mwake kwa malipo ya mara moja. Nyumba nyingi ziliona siku hizo baba akiketi mlangoni bila kazi, na mama akitoka alfajiri kwenda kuuza. Mume akaona haya, mke akachoka, kila mmoja akanyamaza ili asimwumize mwenzake. Baba yake yule fundi wa umeme alikuwa mmoja wa watu hao. Yeye alikua ndani ya kimya hicho, akadhani kwamba ndivyo ndoa ilivyo.

Basi Jumamosi moja ya Julai waliondoka baada ya jua kuchomoza. Gari lilikuwa kuukuu, la Kijapani, lenye usukani upande wa kuume, kama magari mengi yaingiayo Katanga kwa njia ya Zambia. Na kwa kuwa huko Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara, dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori haoni mbele. Aonaye ni yule aketiye kushoto kwake. Ilimpasa mke kuchungulia na kusema: "Ngoja. Ngoja. Lori laja. Sasa, pita!" Mara ya kwanza mume hakumsadiki, akachungulia mwenyewe, gari likayumba. Mara ya tatu alimsadiki. Walipita wauza makala na magunia yao kando ya barabara, wakapita misitu ya miombo iliyokwisha kupukutika, wakafika Kapolowe kabla ya adhuhuri. Ziwa la Tshangalele liko hapo, lenye samaki wengi, nalo si ziwa la asili: lilitokea maji ya mto Lufira yalipozuiwa huko Mwadingusha ili kuzalisha umeme, na mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Fundi akamweleza mkewe haya yote kwa urefu. Mke alisikiliza, akasema kwamba umeme huo ungefika Katuba mara nyingi zaidi angeusifu zaidi.

Wenye magari ya nguvu huendelea mbali zaidi, hata milima ya Kundelungu, ambako maji ya Lofoi huanguka kwa zaidi ya mita 300. Hawa wawili hawakuhitaji maporomoko. Walikula samaki kwa bukari kwa mama mmoja mvuvi, wakaketi ufukoni. Kwa saa moja walizungumza juu ya watoto. Kisha maneno yakaisha. Kimya kile kiliwatisha wote wawili, na mke nusura aseme warudi nyumbani.

Hakusema hivyo. Alisema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiweka fedha katika likelemba ya wanawake wa sokoni, bila kumwambia, kwa kuwa aliogopa mume atawagawia ndugu zake. Mume alikasirika. Waligombana jioni nzima, na ugomvi huo wapasa kutajwa, maana watu hudhani kwamba mume na mke huenda mbali ili wachekeane tu. Nyumbani kwao kuna vyumba viwili na masikio ya watoto watano. Hapakuwapo mahali pa kugombana kwa heshima hata mwisho. Huko ziwani walifika mwisho. Usiku sana mume alikiri kwamba ndugu zake kweli huchukua, naye hajui namna ya kuwakatalia, kwa sababu baba yake aliishi miaka yake ya mwisho kwa mikono yao. Mke hakuwa amelijua neno hilo. Alidhani ni udhaifu, kumbe lilikuwa deni.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya mapendo katika jamaa, alifundisha kwamba mapendo yataka muda: muda wa kuzungumza bila haraka, wa kusikilizana, wa kutazamana. Likelemba ile ilikuwa imefichwa miaka miwili, nayo ilitaka siku nzima na sehemu ya usiku ili itoke. Nusu saa kati ya kuosha vyombo na kulala isingetosha.

Jumapili asubuhi walisali Misa katika misioni ya Kapolowe, wakanunua samaki waliokaushwa, wakashika njia mapema ili giza lisiwakute barabarani.

Mkatekumeni wa kijijini asomaye haya atasema: Mimi sina gari, na ndugu yangu hana gari. Ni kweli, lakini gari si kiini cha jambo. Mume na mke waendao pamoja shamba la mbali kulinda mahindi, wakawakabidhi watoto kwa nyanya yao kwa siku mbili, wako katika safari ileile. Huenda wanakijiji wamewazidi watu wa mjini katika jambo hili, maana shamba huwapa wawili saa nyingi pamoja, wakati Lubumbashi mume na mke huondoka alfajiri kila mmoja njia yake. Swali la kuulizwa kijijini ni lingine: huko shambani, mume hutembea mbele kimya na mke nyuma na mzigo kichwani, au huzungumza? Tena wako wasioweza kabisa kuondoka: mwenye mtoto mchanga anyonyaye, mwenye mgonjwa, asiye na nkambo wala jirani wa kuaminika. Hao hawatendi kosa kwa kubaki, wala ndoa yao haitakufa kwa kukosa ziwa. Na wako wapendao safari hizi mno, waendao kila juma, ambao watoto wao wamjua mlezi kuliko mama. Kwao swali hili lageuka, na jibu lake lageuka pia.

Wale wawili walifika Katuba jua likitua. Mtoto wa mwisho alijificha nyuma ya kitenge cha nkambo, akakataa kumsalimu mama yake kwa muda wa robo saa, kisha akamng'ang'ania shingoni hata akasinzia. Binti mkubwa alihesabu fedha zilizobaki za chakula, akazirudisha zote. Nkambo akawapokea samaki, akawanusa, akawageuza kuona kama wamekauka vizuri.

"Mlipumzika?" akauliza.

Mwanawe akajibu: "Tuligombana, mama."

Nkambo akaitikia kwa kichwa kama mtu asikiaye habari za kawaida. Akaweka samaki ndani ya beseni, akasema: "Jumamosi ijayo mtanipeleka Kipushi kwa dada yangu. Ni miaka minne sijalala kwake. Watoto mtakaa nao ninyi."

Mume na mke wakatazamana, kisha mume akatoka kwenda kumwuliza ndugu yake habari za gari.